Unga wa Watu Wawili

Sisi tuliokulia Maisaka, hapa Babati, kabla umeme haujafika majumbani, Jumamosi tuliijua kwa masikio. Mashine ya kusaga ya Singe ilikuwa ya dizeli, na Baba Damiano alipoiwasha asubuhi ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikaanza kunguruma mpaka mbwa wa upande wetu wakaacha kubweka. Mama akiisikia hivyo alikuwa ameshafunga mahindi kwenye kitambaa. Nilikuwa na miaka minane au tisa, shingo nyembamba kama mpini wa jembe, na nilitwishwa mzigo nikatoka na wenzangu, tukishuka kwa mstari huku upepo wa mlima Kwaraa ukitupiga vumbi machoni.

Ndani ya banda hukuona mtu vizuri. Unga ulijaa hewani na kutua kwenye nyusi za Baba Damiano, mwenye mashine, ukamzeesha kabla ya wakati wake. Harufu yake ninayo puani mpaka leo, unga wa moto na dizeli. Wenye madebe walipanga foleni mlangoni. Sisi wa nyumba zenye kidogo tulikaa pembeni, kwa sababu mashine ile ilikuwa kubwa, na ukiimiminia kilo tatu peke yake nusu inabaki tumboni mwake. Madebe yakiisha, Baba Damiano alifuta jasho akauliza, "Haya, nani ana kidogo?" Tukanyoosha mikono, akatuunganisha wawili wawili. Mahindi yako na ya mwenzako yanaingia pamoja, unatoka unga mmoja, anaugawa kwa kopo: huyu kopo, huyu kopo. Nilikuwa naona aibu hiyo! Niliapa kwamba nikiwa mkubwa nitakuwa na debe langu mwenyewe na sitaunganishwa na mtu.

Mama yangu, aliyezaliwa Mbulu akaolewa huku, alikuwa na sheria yake. Sikuruhusiwa kutua mzigo kabla ya kujibu swali moja: "Leo tunakula mahindi ya nani?" Nikisema sijui, nilirudishwa. Mbio mpaka Singe, kumuuliza Baba Damiano yule mtoto wa kaptula ya kijani ni wa nyumba gani. Jina likishapatikana, jioni wakati wa kuombea chakula baba aliitaja nyumba ile pia, mguu wa baba yao upone, ng'ombe wao azae salama, ndipo tukala ugali wa dona na perege wa ziwani, vidole vinaungua. Ndiyo maana mimi nilikua nikijua nani anaumwa Singe na nani amejifungua Mutuka, yote kwa sababu ya unga.

Siku moja tu ndiyo tuliharibu. Kwa kawaida, kabla ya kubadilisha nafaka, Baba Damiano alipitisha pumba kidogo kuisafisha mashine koo. Mbele yetu alikuwa amesaga mama mmoja kimea cha pombe, na mimi na mwenzangu Sesilia, kwa haraka ya kuwahi kucheza rede, tukamimina mahindi yetu Baba Damiano akiwa ameinamia injini. Ugali ukatoka wa kahawia, una utamu wa ajabu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri asiyenusa pombe hata msibani. Akala tonge la kwanza, akautazama ugali. Akala la pili, akasema ugali wa leo umebarikiwa. Alimaliza akaulizia ukoko. Mama alikuwa ameshajua, maana alikulia kwenye nyumba ya wapika pombe, akaniangalia kwa jicho lile la kusema tutaonana jikoni. Mpaka baba anaingia kaburini hakuna aliyemwambia.

Watoto wa siku hizi ukiwaeleza haya wanakuangalia kama unawasimulia habari za safina ya Nuhu. Mjukuu wangu alipokuja likizo kutoka Dodoma alidhani unga unazaliwa kwenye mfuko wenye picha ya mama anayecheka. Kwao chakula kinaitwa kwa simu, kinaletwa na pikipiki, na aliyekileta hawamjui jina wala yeye hawajui. Nilimcheka, halafu nikajicheka na mimi, maana tangu mume wangu afariki nilikuwa nanunua mfuko huo huo. Watoto wangu watatu wako mbali. Nyumbani tupo mimi na saa ya ukutani. Nani atembee mpaka Singe kwa ajili ya mdomo mmoja?

Basi mwaka jana nikafungua mfuko, nikakuta unga umeshikana mabonge na unanuka uvundo. Nyuma kulikuwa na namba ya huduma kwa wateja, nikapiga. Sauti ya kurekodiwa ikaniambia mimi ni mteja wa thamani. Bonyeza moja, bonyeza nne, muziki, imekatika. Siku ya tatu akapokea binti mwenye adabu zake, akataka namba ya toleo, akataka barua pepe. Nikamwambia, mwanangu, mimi nina unga ulioharibika, barua pepe ya nini? Akasema lalamiko langu limepokelewa na nitapigiwa.

Nikasubiri. Wiki ya kwanza niliingia na simu mpaka bafuni. Wiki ya pili sikwenda kwenye kikundi cha akina mama kanisani, nisije nikapigiwa katikati ya nyimbo. Halafu alasiri moja nimekaa sebuleni nikajisikia vibaya sana, kwa sababu nilitambua kwamba unga wao sikuwa na haja nao tena. Nilikuwa nasubiri mtu, mtu yeyote, apige aniulize habari ya chakula changu. Hawakupiga. Walituma ujumbe wa kuniomba niwape alama za huduma, kuanzia sifuri mpaka kumi.

Hasira ndiyo iliyonitoa nje. Nilichota kilo tatu za mahindi aliyonipa kaka yangu, nikaenda Singe kwa miguu. Banda lipo pale pale, mashine sasa ni ya umeme, na mwenyewe ni Damiano, yule aliyekuwa akitambaa kwenye pumba enzi zetu. Alinipa shikamoo, akapima mfuko wangu kwa mkono, akacheka kwa heshima. Akasema, "Mama Eliya, haya yataishia tumboni mwa mashine. Ngoja Baba Anna aje, naye huwa na kidogo." Ningeweza kurudi siku nyingine na debe zima, mahindi yapo. Lakini dona ikikaa inaingia uchungu, na mdomo mmoja utaila mpaka lini? Nikakaa kwenye benchi nikangoja, mtu mzima mwenye wajukuu, nangoja kuunganishwa.

Baba Anna alikuwa mzee wa Mutuka, amefiwa na mke, anatembea na fimbo na kofia ya sufi hata jua likiwaka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa lafudhi ile ile ya baba yangu. Damiano akachanganya mahindi yetu, akasaga, akagawa kwa kopo. Tangu siku hiyo, kila baada ya wiki mbili, Jumatano, tulikutana kwenye benchi lile. Hatukuwa na mazungumzo mengi, mashine inapiga kelele na masikio yake yalishachoka. Aliniuliza jambo moja tu kila tukikutana, kama nilikula vizuri. Nami nilisema nilikula, hata kama wiki nzima nilishindia chai. Nyumbani nikaanza tena kuombea chakula kwa sauti, na nikawa namtaja Baba Anna na magoti yake yanayomsumbua. Miezi minane ikapita hivyo. Namba ya simu sikumwomba. Ya nini, na Jumatano ipo?

Mwezi wa sita, kwenye baridi ile ya Babati ya kuingia mpaka kwenye mifupa, nilikaa kwenye benchi mpaka wenye madebe wote wakaisha, Baba Anna hajatokea. Damiano akaja akakaa kando yangu, na kwa jinsi alivyokaa nikajua kuna jambo. Akawahi kusema si msiba. Binti wa mzee alikuja na gari kumchukua akaishi naye Dar es Salaam, maana magoti yamekataa kabisa. Walipokuwa wanapita hapo juzi, mzee aliamuru gari lisimame, akashusha kiroba cha mahindi cha kilo hamsini, akakiacha bandani.

"Akasema, mwambie Mama Eliya asisage peke yake."

Nililia pale pale mbele ya watu, na kwa unga ule uliojaa hewani uso wangu ukawa uji. Damiano akajifanya anakaza mkanda wa mashine.

Zamani tulikuwa na kidogo na tulikionea haya, ila hakuna aliyelala bila kujua mahindi ya nani yamo tumboni mwake. Sasa mtaa wetu kila nyumba ina gunia lake na geti lake, na jirani yangu wa kushoto namfahamu kwa mlio wa gari tu. Namba ya Baba Anna hata Damiano hana. Anafanya kama alivyoagizwa: anachota kwenye kiroba cha mzee, anachanganya na yangu, nusu ya unga nachukua mimi, nusu inabaki kwake. Kiroba kimebaki robo. Jumatano iliyopita nilimwomba awe anachota kopo moja tu badala ya matatu, kiroba kidumu. Akanieleza kwa upole kwamba mahindi yakiwa machache hivyo mashine itayameza, unga wangu utabaki ndani. Utapoteza, mama, akasema. Nikamwambia najua.