Mkebe wa Maziwa na Nguo Iliyolowa

Mwezi uliopita nilifika Bulengera kumwona mtoto wa mdogo wangu, nimebeba zawadi inayomfaa mwanamke aliyesoma: mkebe wa maziwa ya unga. Mdogo wangu alikuwa ananyonyesha. Akautazama mkebe, akanitazama mimi, akacheka mpaka titi likamponyoka mtoto.

"Yaya, weye! Mimi ndiye unaniletea hii?" Kwetu yaya ni dada mkubwa.

Alikuwa na haki ya kucheka. Wakati wa vita yeye ndiye alikuwa kichanga nyumbani kwetu Beu, mjini Beni, na mkebe kama ule nusura umuue. Mimi nilisaidia.

Baba alifanya biashara Kamango, mpakani. Mama alipojifungua, akamletea mikebe mitatu, maana kwetu mkebe ulikuwa ndio maendeleo. Nilikuwa na miaka kumi, nikautembeza mtaani kama bendera. Biberoni, ile chupa ya kunyonyeshea, ikachukua nafasi ya titi, maziwa ya Mama yakakauka. Nami kila nilipoachwa peke yangu nililamba ule unga, ukinata kwenye kaakaa, mtamu kuliko dhambi zote nilizozifanya baadaye.

Halafu wanajeshi wakafunga barabara ya Kamango. Mkebe wa mwisho ukaongezwa maji, ukaongezwa tena. Mtoto akaharisha, macho yakazama, kilio kikawa kama cha paka mdogo. Siku nzima nguo zake zikabaki kavu, bila tone la mkojo. Wauguzi walikuwa wamekimbia.

Nyanya akaingia na jembe lake begani, akamtazama Mama kifuani.

"Ziwa iko wapi?"

"Imekauka, mama," Mama akalia.

"Njia ndiyo balifunga. Ziwa hapana!"

Jirani yetu, aliyekuwa akinyonyesha wake, akapiga kelele ugani: "Batu ba mukebe, mulete kikombe!" Akamkamulia mdogo wangu maziwa, tukamnywesha kwa kijiko. Nyanya akamkataza Mama kugusa jembe wala bidoni ya maji. Kazi yake ikawa moja, kukaa na mtoto kifuani na kumnyonyesha, hata titi likiwa tupu. Akaletewa uji wa mtama, na sombe, majani ya muhogo, yenye karanga. Sombe niliitwanga mimi. Nilikuwa nimeungama habari ya unga, na Nyanya alijibu maneno mawili tu: "Basi, twanga."

Nilitwanga mpaka viganja vikachubuka. Asubuhi moja Nyanya akavuta nguo chini ya mtoto, akaiminya, akatoka mbio hadi uani ameiinua juu.

"Amekojoa! Mukuje muone, amekojoa!"

Jirani akapiga vigelegele. Sijaona ushindi mkubwa kuliko ule, na vita vilikuwa na majenerali wengi. Siku chache baadaye blauzi ya Mama ikalowa kifuani. Naye akapata nguvu, akaanza tena kuimba nyimbo za kanisani. Risasi zilipotufukuza tukalala shambani wiki nzima, na mtoto wetu hakuhitaji moto, maji safi wala barabara. Alinenepa vitani!

Nyanya hayupo tena. Katika nyumba ya Beu wanaishi wengine, na siku hizi pampers huficha habari zote njema.

Ila siku ile Bulengera mdogo wangu alinipakatisha mtoto akiwa uchi, ametoka kuoga. Nikahisi joto likienea kwenye sketi yangu ya ofisini. Nikatoka naye hadi uani, sketi inachuruzika, nikapiga vigelegele mpaka pikipiki mbili zikasimama.