Baba yangu aliwaita wadai wake kabla hajafa

Habari zenu wakuu. Naandika kutoka Mabawa, Tanga, na haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Nina miaka themanini na ushei na simu naijua vizuri, kwa hiyo msiniulize nani ananiandikia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi Zuhura, mwari wa miaka kumi na saba. Tulikaa Mwera, Pangani. Baba alikuwa fundi cherehani, ana minazi thelathini na nyumba yetu katikati ya shamba.

Tatizo lake mkono wazi. Akiombwa mchango wa harusi, anatoa. Kama hana, anakopa ili atoe!

Kwetu siku zile mtu aliweza kuweka rehani mnazi mmoja mmoja. Unachukua hela ya mtu, mnakwenda mpaka kwenye mnazi, mnapeana mikono pale pale chini yake, basi. Nazi anaangua yeye mpaka umlipe.

Karatasi hakuna. Baba alisema kuandikishana ni kumtukana mwenzio.

Akaja kushikwa na homa, wiki mbili kitandani. Alipopata nafuu nilidhani atafurahi. Wapi! Mzee alikuwa na hofu kuliko alipokuwa mgonjwa.

Mnajua mazikoni ndugu wa marehemu husimama na kusema anayemdai marehemu ajitokeze. Kwetu kazi hiyo ingemwangukia ami Hamza, mdogo wake baba.

"Hamza," baba akamwambia, "siku hiyo watu watapanga foleni mpaka Pangani mjini. Na mie madeni yenyewe siyakumbuki yote. Nikifa hivi hivi, mke wangu na wanangu watakaa wapi?"

Sasa sikieni dawa aliyoipata.

Ijumaa alimsimamisha ami msikitini atangaze vile vile kama mazikoni, ila marehemu mwenyewe kakaa safu ya mbele. "Anayemdai kaka yangu aje Jumapili asubuhi shambani, asimame chini ya mnazi wake." Watu walicheka hadi imamu akaanza kukohoa.

Jumapili wakaja kweli. Mama kapika wali wa nazi na samaki, mimi nimekuna nazi mpaka vidole vinauma. Asubuhi nzima mama alikuwa akibamiza masufuria. Nilijua ana hasira, ila sikujua ni ya nini.

Wadai wakatawanyika shambani, kila mmoja na mnazi wake. Nilicheka hadi nikajificha nyuma ya nyumba, maana wazee wawili walikutana kwenye mnazi mmoja. Kila mmoja anaapa alipeana mkono na baba pale pale.

Baba akajikuna kichwa. "Wote mnasema kweli. Nilisahau."

Mwalimu Kombo, aliyetufundisha Kurani pale kijijini, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Akasema waangue kwa zamu, huyu safari hii, yule safari ijayo. Wakakubali, wakaenda kula.

Tukahesabu. Minazi kumi na minane ina watu, kumi na miwili haina. Hiyo ndiyo inayoizunguka nyumba. Nikashusha pumzi.

Ndipo akasogea Bwana Shebe, mwenye duka la vitambaa. Yeye alimkopesha baba vitambaa vya shilingi mia bila rehani yoyote. Akasimama katikati ya ile kumi na miwili.

"Mie sina mnazi maalumu," akasema. "Basi nachukua iliyobaki."

Wakuu, hebu fikirieni. Ile ikienda, nyumba inabaki kisiwa katika shamba la mtu, na kuhama ni suala la muda tu.

Mama akatoka jikoni, mikono ina unga wa mchele. Akaenda moja kwa moja akasimama mbele ya Bwana Shebe.

"Na mie nadai," akasema. "Mahari yangu."

Wanawake jikoni wakapiga vigelegele!

Mwalimu Kombo akasema, "Ndoa hii niliifungisha mimi. Ilitajwa mia mbili na hamsini, ikatolewa hamsini, ikabaki mia mbili. Deni hili ni deni kama lako, Bwana Shebe. Mgawane kwa kadiri ya madai yenu."

Mama akapata minazi minane, Bwana Shebe minne ya pembeni. Nyumba ikabaki kwetu.

Baba akamuuliza, "Mama Zuhura, miaka yote hiyo mbona hukunidai?"

"Hukuwahi kuniita."

Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Nilichojifunza: orodhesha madeni yako ungali na nguvu ya kubishana na wanaokudai, na uandike wasia. Na nyie waume, mahari iliyobaki haifutwi na watoto sita.

Mwaka uliofuata nami nikaposwa. Nikamtuma ami aseme kwa sauti, mahari taslimu, yote, siku hiyo hiyo. Bwana harusi akaleta kamili, na mimi nikajiona mjanja kupita wanawake wote wa Pangani.

Baadaye sana ndipo nikajua hela zile alikopeshwa na baba yangu. Na hawakuandikiana!

Haya, wanaume wa humu, nani kamaliza mahari na nani bado? Jibuni kwa ukweli, wake zenu nao wanasoma.