Filimbi ya Séphora

Ilikuwa mwaka ya 2021. Hapana, nakosa: 2021 Séphora alikuwa angali anatafuta nyuzi ya gitare. Ilikuwa 2022, wakati ya mahindi mubichi.

Séphora alizaliwa Butembo, nyumba ya batu ya kanisa. Alinyoa nywele upande moja, akavaa buti ya shamba, akaimba sawa mutu anagombana na ukuta. Ile muziki ya makelele banaita punk; aliipata mu telefone. Baba yake alisema: "Hii hapana kuimba, ni kuumwa tumbo." Lakini bijana ya Butembo balimupenda, zaidi juu ya wimbo moja. Alipuliza filimbi mara tatu, mudogo yake Kitsa akapiga sufuria, kiisha gitare ikaingia. Ilikuwa wimbo ya ile usiku mama yake alikimbia naye mugongoni, adui nyuma.

Na huku kwetu kila mutu anajua: adui akiingia mu mutaa, mutu anapuliza filimbi, jirani anapiga sufuria, batu ya avenue yote banaamuka, banakimbia. Butembo adui alikuwa mbali kidogo. Batu balicheza.

Bakaanza kutembeza muziki, fasi kwa fasi, saa kumi ya muchana, juu giza ni ya baaskari, hakuna ruhusa ya kutembea. Edmond, mwenye salle moja ya muziki ku Kasindi, ku mupaka ya Uganda, akatuma ujumbe: "Mukijaza salle ya Bungulu, kule Beni, nitabapokea kila mwezi." Kasindi kila mwezi, kiisha Uganda! Njo ile Séphora alitaka tangu zamani.

Bungulu balilala kwa Mama Godelive, mupika mikate. Séphora akamuomba sufuria, juu ile yao ilikuwa imetoboka.

"Sufuria, chukua, mwanangu. Filimbi, hapana. Hapa Beni ile hapana mchezo."

"Mais mama, batajua ni muziki. Ata affiche ku ukuta inasema."

"Masikio haisomaka affiche."

Kitsa akasema: "Yaya, tuache basi. Tuingie na gitare tu."

"Bila filimbi ni ugali bila mboga. Edmond anangojea ile. Weye piga sufuria, unyamaze."

Salle ilijaa. Mulango ilikuwa moja, na Eliane, binti ya Godelive, alikaa pale na beseni ya mikate. Séphora akapuliza. Mbele bakacheka. Nyuma kulikuwa benye balikimbia vijiji ya kuungua. Habakuona nani anapuliza. Mara ya pili, mabenchi ikaanguka. Kitsa alikuwa angali anapiga, macho amefunga.

"Ni miye! Ni wimbo tu!" Séphora akapiga kelele mu mikro. Nani atasikia?

Inje mikate ilikuwa imekanyagwa mu matope, na Eliane kati yake. Hakusimama tena.

Ku matanga ya Eliane, Séphora alikaa chini na bamama. Chakula ilipikwa mu ile sufuria, ingali na alama ya fimbo ya Kitsa. Godelive mwenyewe alimupimia, akamupa sahani.

Kiisha siku tisa Edmond akatuma tena: "Video ya ile siku ya Bungulu inatembea kila fasi. Kuja mbio. Na filimbi."

Alienda, juu ile njia alikuwa ameililia miaka. Salle ya Kasindi ilijaa badereva na bacambiste, benye kubadirisha feza, bote banapiga kelele: "Filimbi! Filimbi!" Akaiweka mu kinywa. Akaitoa tena bila kupuliza. Akalaza gitare chini polepole, sawa mutoto mwenye analala, akatoka na mulango ya nyuma. Edmond hakumuita tena, na fasi zingine pia habakumuita.

Leo Séphora iko Bungulu, anakanda unga kwa Godelive. Hata ku kanisa haimbaka. Na pale mutaani filimbi ikilia, bamoja banasema: "Aa, ni ile muziki," banaendelea kula.

Nilipita pale, nikala mikate mbili, nikabauliza Séphora na Godelive: siku adui atakuja kweli, nani atapuliza, na nani atakimbia?