Dirisha la Zizi la Grizel Mutch

Grizel Mutch alikuwa na kinyongo cha miaka kumi. Katika sensa iliyopita aliandikwa "dada, hana kazi." Hana kazi, jamani! Mwanamke aliyefuma soksi akitembea, akikoroga uji, akinisuta mimi jirani yake ng'ambo ya ukuta. Aliyemwandikisha hivyo ni kaka yake Dauvit, mkuu wa kaya, ambaye shughuli yake ilikuwa kukaa karibu na moto na kueleza jinsi moto unavyochochewa.

Sensa ya mwaka 1861 ilipokaribia, Grizel akaapa kwamba safari hii mkuu ni yeye. Sheria ilitaka waandikwe waliolala nyumbani usiku wa Jumapili ya sensa. Bahati iliyoje, siku hiyo ng'ombe wao alikuwa anataka kuzaa, na Dauvit akaenda kulala zizini amwangalie. Zizi lao liko chini ya paa moja na jiko, na mlango wake ni mmoja tu, wa kuingilia jikoni. Grizel akautia komeo. Alfajiri akazunguka nje, akaziba kidirisha cha zizi kwa mabonge ya udongo na nyasi, maana karatasi ya sensa ilihesabu vyumba vyenye dirisha tu.

Jumatatu akaja Mwalimu Leask, karani wetu wa sensa, mtu wa kanuni kuliko kanuni zenyewe. Mimi nilikuwa nimekwenda kuazima chungio, nikasahau kuondoka. Akauliza vyumba vyenye dirisha ni vingapi. Kimoja, akajibu Grizel. Na kaka yake je?

"Hakulala chumbani, mwalimu."

Mwalimu akafikiri, akaamua kwamba basi Dauvit hayuko popote Uskoti. Hapo sauti ikatoka nyuma ya mlango ikisema yupo, aandikwe.

"Huko uliko kuna dirisha?" akauliza mwalimu.

Kisha tukasikia mtu anakwangua ukuta kwa kucha na ng'ombe analalamika. Tulipotoka nje, uso wa Dauvit ulikuwa umejaa kidirishani, nyasi masharubuni. Mwalimu akakipima kidirisha kwa shubiri, akaridhika kuwa ni dirisha. Vyumba viwili.

Dauvit akadai kwamba mkuu ni yeye, nani mwingine. Mwalimu akauliza komeo liko upande gani. Lilikuwa upande wa Grizel.

"Mkuu wa kaya hafungiwi pamoja na ng'ombe," akasema mwalimu, akaandika: Grizel Mutch, mkuu, mfumaji soksi.

Kisha akauliza kazi ya kaka. Sindano za Grizel zikasimama. Miaka arobaini namjua, sijawahi kuona zikisimama.

"Dada," akasema Dauvit polepole, "usinitendee nilivyokutendea."

Grizel akamtazama weee. Akamuuliza kama ng'ombe kazaa. Kazaa, akasema Dauvit, ndama jike, na kamvuta yeye mwenyewe.

"Mwandike mkunga wa ng'ombe," Grizel akamwambia mwalimu. "Mtu asiandikwe hana kazi, hata kama hana."

Akarudi ndani kufungua komeo.