Pindo la Vidole Vinne

Fundi wetu wa nguo hapa Mamboleo hupima kimya, pini zikiwa mdomoni. Kwenye sare za shule huacha pindo la vidole vinne, ili likunjuliwe mtoto akirefuka. Gauni la harusi hulikata sawasawa, bila pindo la ziada, na umri wa bibi harusi hajawahi kuuliza. Jana mzee mmoja mwenye mvi alikuja na mchumba wake kuchukua gauni, akaligeuza ndani nje.

“Fundi, mbona pindo kubwa hivi?”

Fundi akatoa pini mdomoni. “Bado anarefuka, Mzee. Sare yake ya shule nimeikunjua mwaka huu.”

Mzee akacheka, akitungoja sisi wateja. Zamani tungecheka naye. Jana tulimtazama msichana. Akalibeba gauni, msichana akamfuata.