Jumamosi ya Daktari wa Macho

Mimi ndiye yule mama wa dirisha la kadi pale zahanati, yule mnayesema ana mdomo. Nakubali. Ukikaa miaka kumi na saba ukiulizwa kama daktari amefika, na anayekuuliza amempisha daktari mlangoni sasa hivi, nawe utaota mdomo. Lakini leo simsemi mtu vibaya. Namsema binti wa kaka yangu, ambaye shuleni kwao ni kiranja mkuu, na jina likamganda hata nyumbani. Sote tunamwita Kiranja.

Kaka yangu alipofariki, wifi alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi za ndani, akaniachia mtoto akiwa darasa la tano. Sasa yuko kidato cha tatu na amenipita kimo. Wifi hupiga simu mara moja kwa mwezi, Jumamosi ya kwanza, saa nne asubuhi, tajiri yake anapomwazima simu kwa dakika tano. Namba haionekani, kwa hiyo huwezi kumpigia wewe. Na kwa kuwa kuta za zahanati ni nene kuliko subira yangu, ndani simu yangu haishiki mtandao. Lazima mtu atoke nje asimame kando ya tangi la maji, upande wa bomba. Miaka mitano mtoto yule alisimama pale kila mwezi. Hizo dakika tano ndizo mama aliyekuwa naye.

Sasa, foleni yetu ina desturi yake. Zamani tulikuwa na namba za kadibodi, wagonjwa wakaenda nazo nyumbani moja moja mpaka zikaisha. Tangu hapo mtu akifika alfajiri huweka kitu chake kwenye benchi, kandambili au fimbo au chupa ya maji, kisha anatoka kukaa mahali penye hewa. Kitu ndicho kinachomshikia nafasi. Shida ni kwamba wenye nguvu huisukuma kandambili ya mzee kwa mguu, nayo kandambili haina mdomo wa kujitetea.

Kiranja aliliona hilo siku moja aliponiletea miwani niliyoisahau. Wiki iliyofuata alikuja na wanafunzi wenzake kumi na wawili, wote na sare zao, saa kumi na mbili asubuhi.

"Tumekuja kuwashikia wazee nafasi," akaniambia. "Tutakaa sisi badala ya vitu vyao."

"Yaani mmesomeshwa miaka yote hiyo mje kuwa kandambili?"

"Kandambili zenye mdomo, shangazi."

Nilicheka peke yangu dirishani. Lakini walikaa kweli, kila Jumamosi, kila mmoja na mzee wake, na ugomvi wa foleni ukaisha. Wazee wakaanza kuja wamechana nywele.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ndiyo ngumu, maana siku hiyo tu ndipo anapokuja daktari wa macho, na saa saba anaondoka. Mwezi ule Kiranja alikuwa amemshikia nafasi bibi mmoja mshonaji, ambaye alikuwa hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Saa nne ikakaribia, saa ya simu ya mama yake. Kiranja akamwachia mwenzake nafasi, akakimbilia kwenye tangi. Mwenzake akabanwa na haja, akamwachia mwingine. Huyo mwingine hakulijua jina la bibi, na lilipoitwa akakaa kimya. Bibi mshonaji alirudi akakuta zamu imepita, akawekwa mwisho wa foleni, na saa saba daktari akafunga begi lake kabla hajamfikia.

Bibi wa watu hakugomba. Alimwambia tu, "Si neno, mjukuu wangu. Mwezi mmoja si mbali." Afadhali angegomba. Mtoto alirudi nyumbani hakula, na kesho yake akawaandikia wenzake kanuni: aliyeshika nafasi ya mtu hainuki mpaka mwenyewe arudi, wala hamwachii mwingine.

Nikamshauri kwa upole, na upole wangu mnaujua. "Jumamosi ya kwanza pumzika, uongee na mama yako. Njoo hizo nyingine."

"Shangazi, siku ya daktari wa macho ndiyo siku ya kazi. Hizo nyingine tunafanya mazoezi."

Mwezi wa pili, bibi mshonaji akapata zamu yake mapema, akatoka na karatasi ya miwani ameikumbatia. Kiranja sasa alikuwa amemshikia nafasi fundi bomba mmoja mstaafu, mzee mwenye jicho moja lililoingia ukungu. Nilikuwa na simu kwenye tangi. Ikaita. Nikapokea, nikaiacha simu pale pale, nikarudi mbio mpaka mlangoni, viatu mkononi.

"Wewe mtoto! Mama yako yuko hewani!"

Alinitazama. Akatazama mlango, fundi hayupo. Hakuinuka. "Mwambie nampenda, shangazi. Mwambie nimeshika nafasi ya mtu."

Nilirudi nikamwambia wifi. "Amerefuka?" akauliza.

"Amenipita."

"Basi mwache afanye kazi yake. Na mimi nisiwe namsumbua siku za kazi." Nikamwambia hasumbui hata kidogo, lakini nilikuwa nahema, na dakika zikaisha. Niliyachukulia kuwa maneno tu. Sikumwambia Kiranja.

Mwezi wa tatu, mwezi huu, saa nne kasorobo, fundi bomba, aliyekuwa ameambiwa arudi kuangaliwa tena jicho, aliingia ndani akasimama mbele ya benchi. Makelele yangu ya mwezi uliopita alikuwa ameyasikia, nani hakuyasikia?

"Inuka."

"Babu, bado watu watatu."

"Nafasi yangu nakaa mwenyewe. Yako nakushikia."

"Mimi sina nafasi hapa, babu."

"Unayo. Vua sweta."

Akavua, fundi akalikunja akaliweka ubavuni pake. Kiranja akaja dirishani, akachukua simu kwa mikono miwili, akatoka.

Saa nne ikapita. Saa nne na nusu. Kutoka dirishani namwona kando ya tangi, anaitazama simu, anaipangusa kwa sketi, anaitazama tena. Muuguzi akaita jina la fundi. Fundi akasema, "Mpitishe mwingine. Nimeshika nafasi ya mtu, na mwenyewe hajarudi." Muuguzi akanigeukia mimi. Nikamwambia kanuni ni kanuni, nikainamisha kichwa kwenye kadi ili asinione machoni.

Akaitwa mara ya pili. Akakataa tena.

Saa sita Kiranja aliingia. Alipomwona mzee bado yuko benchini, akashtuka. "Babu, hujaingia?"

"Amepiga?"

Akatikisa kichwa, na hapo ndipo machozi yakamtoka, yale ya tangu darasa la tano. "Labda tajiri amemnyima simu."

"Daktari anaondoka saa saba," fundi akasema. "Kuna saa nzima. Rudi kwenye tangi."

Akarudi. Nami ndiye niliyejua kwa nini simu ile haiiti. Kule mbali kuna mwanamke anayetazama saa ukutani na kujizuia, akidhani anamwonea mwanawe huruma, na neno la kumzuia nililipeleka mimi, kisha nikalikalia kimya mwezi mzima. Mimi mwenye mdomo.

Nikafunga dirisha kabla ya wakati, kitu ambacho sijafanya miaka kumi na saba, nikatoka kwenda kumwambia. Nilipopita, fundi alikuwa ameweka mkono juu ya sweta. Benchi lilikuwa limejaa, na wawili walikuwa wamesimama ukutani, lakini hakuna aliyeomba kukaa pale.