Damu Safi ya Mzee Luhende

Milembe hakuwa mtu wa kuogopaogopa, au ndivyo alivyojisifu. Alifanya kazi katika maabara ndogo ya utafiti mjini Bariadi, wanakochunguza kama ukungu wa mahindi unaumiza maini ya watu. Chombo chake kikuu kilikuwa kingamwili iliyotolewa kwenye damu ya sungura. Hunata kwenye kimeng'enya kimoja tu cha ini. Ini likiumia, kimeng'enya hicho huvujia kwenye damu, kingamwili hukifuata hukohuko, na mstari mweusi hutokea kwenye utando mweupe. Sungura mwenyewe alishakufa zamani, lakini kinga yake bado inawinda. Milembe alikuwa akiwatania wageni kwa hilo.

Kila kipimo kilihitaji damu ya mtu mzima mwenye afya, ya kulinganishia. Nani akubali? Vijijini watu walisema damu yako ikilala kwa wenzako, wanaweza kuifanyia mambo. Akajitolea baba yake, Mzee Luhende, mkulima wa pamba wa Dutwa. Damu yake haikutoa mstari, na Milembe alimpigia simu kumpa habari hiyo njema. Mzee alifurahi, ila alitoa sharti.

"Nikifa, mnizike nayo. Usiniache nusu duniani."

Mzee alipofariki, Milembe alivipeleka vichupa vya damu kaburini, akabakiza kimoja kwenye friza. Kazi ingesimama bila hicho, na yeye ndiye aliyeisimamia. Hakumwambia mtu.

Aliporudi kazini alikuta kingamwili mpya, ya sungura mwingine, kali kuliko ile ya kwanza. Akaandaa utando kama kawaida. Safu ya damu ya baba yake, iliyokuwa tupu miaka yote, ikaanza kuingia weusi polepole, huku anaitazama. Nywele zilimsimama. Alihisi mtu yuko nyuma yake. Kugeuka, ni koti lake tu msumarini.

Akarudia. Mstari ukaja uleule. Akajaribu maji matupu, utando ukabaki mweupe. Akachukua ile kingamwili ya zamani, akaipa damu ileile, haikuona kitu. Hapo akaelewa. Damu haikubadilika kwenye friza. Mzee alikuwa mgonjwa tangu siku ya kwanza, na ile ya zamani haikuwa na macho ya kumwona.

Asubuhi alikifunga kichupa kwenye khanga akapanda basi la Dutwa. Mama yake alikuwa anapalilia pembeni ya kaburi. Milembe akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu."

Milembe alikiri alichobakiza. Mama hakugomba, alichimba kishimo kwa jembe, wakakifukia pamoja. Milembe alitegemea moyo utatulia, lakini udongo ule aliuona kama unamsikiliza. Akauliza kama baba aliwahi kulalamika maumivu.

Mama alikuwa anausawazisha udongo kwa kiganja, taratibu, hakuinua uso.

"Tumbo lilimsumbua tangu mwaka ule mliomtoa damu. Kila nikimwambia twende hospitali, ananijibu, 'Ya nini? Milembe keshaniambia damu yangu ni safi.'"